Nusu Saa au Sinunui: Acheni Kutuuzia Jiko Mkiliita Laptopu ya Gemu

Leo hakuna utani. Kama ulikuja kucheka, ngoja posti ya Ijumaa.

Leo naongea na nyinyi mnaotuuzia laptopu za gemu. Nyinyi wa Bungoma mjini, wa Kitale, wa Eldoret, na wakubwa wenu wa Nairobi mnakochukua mali. Si nyote, najua kuna wachache waungwana. Lakini wengi wenu mnajijua. Mnatuuzia taa. Mnatuuzia stika. Mnatuuzia kibodi inayowaka rangi saba kama disko matanga. Kitu kimoja tu hamtuuzii, na ndicho muhimu kuliko vyote: hewa.

Acha niwaambie kilichonipata.

Mwaka jana nilinunua laptopu ya gemu. Imetumika, lakini ukiiangalia ni safi, haina hata mkwaruzo. Elfu tisini. Najua kuna mtu atasema hiyo ni pesa ya wikendi moja. Kwetu Mabanga hiyo ni magunia kama ishirini ya mahindi, na hapo umeuza vizuri. Nyingi ilitoka kwa chama cha Mama, na mkopo wenyewe bado analipa. Khocha akaniongezea elfu kumi akisema, "Haya, wewe ndiye umechagua hii kazi. Tutaona."

Sikuinunua ya kucheza tu. Nacheza, sikatai. Usiku nikimaliza kazi, mimi na GTA tunaelewana. Lakini mchana hiyo mashine ndiyo jembe langu: nahariri video za harusi na za graduesheni, na narusha mazishi laivu. Kama umetoka pande hizi unaelewa hiyo kazi ya mwisho. Watoto wetu wako Saudia, wako Qatar, wako Dubai. Hawawezi kurudi kila mtu akifa. Kwa hivyo wanazika kwa simu.

Dukani jamaa aliifungua, taa zikawaka, akaweka gemu. Dakika tano. Fremu 90 kwa sekunde, picha laini kama maziwa. "Umeona vile inaruka?" Niliona. Nikalipa.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa nane mchana. Hema, jua la kukausha omena, kamera mbili, laptopu juu ya meza ya plastiki. Feni ilianza kupiga kelele kama posho mill wakati mchungaji anaomba, mpaka watu wakageuka kuniangalia. Kisha picha ikaanza kukwama. Kisha skrini ikawa nyeusi. Imejizima yenyewe. Jeneza lilikuwa linashuka. Nilipofanikiwa kuiwasha tena, watu walikuwa wanamalizia kurusha udongo.

Jioni binti wa marehemu alinipigia kutoka Qatar. Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama kuna mahali ile sehemu ya kushusha imerekodiwa.

Haikuwa imerekodiwa.

Nilirudisha pesa ya watu. Jumatatu nikarudi dukani. Unajua nilijibiwa nini? "Lakini buda, hizo za gemu zote hupata moto. Ni kawaida."

Basi posti hii yote ni juu ya hilo neno moja: kawaida.

Wacha niwe mkweli kwanza, kwa sababu nikidanganya hapa mtaniona mjinga. Joto lenyewe ni kawaida. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimeundwa kuvumilia mpaka nyuzi 100, na za AMD ziko karibu hapo hapo. Ukiona nyuzi 85 ukiwa katikati ya mechi, usipige nduru. Hakuna laptopu ya gemu itakayokaa baridi kama mtungi wa Kukhu.

Kisicho kawaida ni kile kinachofuata. Prosesa ikikaribia kikomo chake, inajibana. Inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Gemu iliyokuwa inaruka fremu 90 inashuka 60, inashuka 45, inaanza kukatakata. Na kama hata kujibana hakusaidii, inajizima. Hiyo ni kama kulipa nauli ya matatu mpaka Kitale, halafu unashushwa Kiminini na kuambiwa safari iliyobaki utembee, kwa sababu matatu zote hupata moto, ni kawaida. Utakubali?

Na hapo ndipo ujanja wa zile dakika tano ulipo. Sufuria ya maji haichemki sekunde ya kwanza unapoiweka jikoni. Chuma na shaba iliyo ndani ya laptopu inachukua muda kushiba joto. Kwa hivyo fremu 90 nilizoonyeshwa dukani zilikuwa za kweli, lakini ni ukweli wa dakika tano. Mimi sinunui laptopu ya kutumia dakika tano.

Msifikirie hii ni shida ya laptopu za mtumba peke yake. Julai 2018 Apple walitoa MacBook Pro yenye prosesa ya Core i9, mashine ya pesa nyingi kuliko pikipiki. YouTuber Dave Lee aliipima kwa kazi ya kuhariri video, akaonyesha inajibana vibaya kwa sababu ya joto. Akaiweka ndani ya friza, kazi ileile ikaisha haraka zaidi. Siku chache baadaye Apple wakakiri kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye programu inayosimamia joto, wakaomba radhi, wakatoa sasisho. Ona kilichofanya kampuni kubwa hivyo ikubali. Jamaa mmoja tu, na kazi halisi, na subira ya kuiacha ifanye kazi mpaka mwisho.

Ujanja wa pili ni jina. Stika inasema RTX 4060, wewe unafikiri RTX 4060 ni RTX 4060. Si kweli. Kwa kipimo cha Nvidia wenyewe, RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekwa popote kati ya wati 35 na wati 115. RTX 3050, kati ya 35 na 80. Jina moja, stika moja, nguvu tofauti kama bodaboda na lori. Zamani zile zilizobanwa ziliandikwa Max-Q, mtu akajua anachonunua. Zilipokuja RTX za 30 kwenye laptopu mwaka 2021, hilo jina halikuwa lazima tena. Watu wakalalamika, Nvidia wakataka watengenezaji waandike wati kwenye tovuti zao. Sawa. Lakini mimi nanunua juu ya kaunta, na muuzaji anayesoma tovuti ya mtengenezaji bado sijamwona.

Kwa hivyo chukua siri hii bure: angalia chaja. Chaja haijui kudanganya. Imeandikwa volti na ampea, zidisha. Volti 19.5 mara ampea 11.8 ni wati 230. Volti 20 mara ampea 6.75 ni wati 135. Laptopu mbili zina stika moja ya RTX, moja ina chaja ya 230 na nyingine ya 135? Ya pili haiwezi kulisha kadi yake ishibe, hata kwa maombi. Na muuzaji akikupa chaja isiyo ya hiyo mashine, hapo hapo ondoka.

Sasa fikiria hizo wati zinaenda wapi. Karibu zote zinageuka joto. Laptopu ikitumia wati 150, ni sawa na balbu mbili na nusu zile za zamani za wati 60, zimefungiwa ndani ya kitu chenye unene wa daftari. Na bado mtu ananiambia "hii ni nzuri, ni nyembamba." Nyembamba ya nini? Unene ndio nafasi ya feni. Unene ndio nafasi ya mabomba ya shaba yanayobeba joto kutoka kwa prosesa kwenda nje. Ukikata unene, umekata kupoa.

Sisi ndio tungekuwa wa mwisho kudanganywa kwa hili. Nani hapa hajui kukausha mahindi? Ukijaza magunia stoo mpaka mlangoni, yamebanana, hewa haipiti, unajua kitakachofuata. Mahindi yanapata joto, yanaota ukungu, unatupa. Hakuna anayemsifu mtu kwa stoo iliyobana. Lakini laptopu iliyobana tunaisifu, tunaipiga picha na kuipost.

Na kuna jambo sijawahi kusikia muuzaji yeyote akilitaja. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kitale iko karibu mita 1,900. Huku juu hewa ni nyepesi: Bungoma imepungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, Kitale karibu asilimia 20. Feni inazunguka vilevile, inapiga kelele vilevile, lakini hewa inayosukuma ina uzito mdogo, kwa hivyo inabeba joto kidogo. Watu wa Kitale angalau baridi inawaokoa. Sisi huku chini tuna hewa nyepesi na tuna chumba cha mabati bila dari. Saa nane mchana ndani ya chumba changu ni moto kuliko nje. Na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani, prosesa nayo inaongeza karibu nyuzi moja. Laptopu iliyopimwa kwenye chumba chenye kipoza hewa ulaya, ikaonekana iko pembeni ya kikomo, kwangu itavuka kikomo kabla chai haijaiva.

Sasa nigeukie wenzangu wa kontenti, kwa sababu na sisi tuna lawama. Tunafungua boksi, tunanusa plastiki, tunawasha taa za kibodi, tunasema "wasee, hii ni mnyama," siku mbili zimeisha video iko juu. Hiyo ni matangazo, tusiite uchambuzi. Hata mimi nilifanya. Video yangu ya kufungua hiyo hiyo laptopu bado iko. Nilifikiria kuifuta, nikaamua kuiacha, nikaandika juu yake: msinisikize hapa, nilikuwa sijaitumia. Kama unataka kujua laptopu mpya inavyokaa baada ya kazi ndefu, tafuta vipimo vya Notebookcheck au video za Jarrod'sTech. Hao huweka nyuzi, wati na fremu mezani. Na uangalie namba kamili ya modeli, si jina tu, kwa sababu Acer Nitro ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine ni kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Najua mtanipinga vipi. Wacha niwajibu mapema.

"Si ununue desktop?" Ukikaa mahali pamoja, na stima yenu haichezi, nunua desktop leo. Inapoa vizuri, inafunguka, inaongezeka, na pesa ileile inakupa nguvu zaidi. Nitakupigia makofi. Lakini mimi kazi yangu iko chini ya hema Chwele leo, Webuye kesho. Comrade wa Kibabii naye anahama chumba kila muhula. Na stima ikipotea desktop inakufa papo hapo. Laptopu kwetu si urembo.

"Nunua kile kifeni cha kuweka chini." Kinasaidia kidogo, kama matundu yako chini na hayajazibwa. Lakini kwa nini niongeze elfu mbili kurekebisha kitu ulichoniuzia kama kizima? Vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma vinainua laptopu na kuipa hewa, na ni bure.

"Chukua ex-UK, ni imara." Hapa nakubali nusu. Ukiwa na pesa kidogo, mashine nene za kazi kama HP ZBook 15 au Dell Precision za mfululizo wa 7000 zilitengenezwa kwa wahandisi wanaofanya kazi kutwa nzima. Zina uzito wa tofali na sura ya mwalimu mkuu, lakini zina nafasi ndani. GTA V itaenda. Gemu mpya nzito sahau, kadi zake ni za zamani. Na lazima fundi abadilishe ile pesti iliyo kati ya prosesa na shaba, kwa sababu baada ya miaka imekauka kama ugali wa juzi. Lakini ile EliteBook nyembamba ya ofisini unayouziwa kama "ya gemu" eti kwa sababu ina Core i7? Nyingi za hizo prosesa zimepangiwa wati 15. Ni laptopu nzuri sana ya kuandika barua.

Na sisi watumiaji pia tujisemee. Kuna mtu anasoma hii amelala, laptopu iko juu ya blanketi. Blanketi ni kuziba pua ya mashine. Kuna mtu hajawahi kusafisha feni tangu anunue, na vumbi la barabara yetu tunalijua. Ukisafisha, zima kabisa, shikilia feni isizunguke, tumia brashi laini. Usiipeleke kwa kampresa ya kujaza tairi, ile hurusha maji na mafuta. Funga fremu kwenye 60 kama skrini yako ni ya 60, hizo za ziada huzioni, unazilipia kwa joto. Na ukiingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ukashusha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, inaacha kukimbia kupita kiasi, na nyuzi zinashuka papo hapo. Unapoteza mwendo kiasi, lakini unaokoa kazi yako.

Lakini hayo yote ni ya baada ya kununua. Vita yangu ni kabla.

Ukienda kununua, nenda na flash yenye HWiNFO. Ni programu ya bure, haihitaji hata kuinstoliwa. Chomeka chaja. Washa gemu nzito kuliko zote walizo nazo. Andika fremu za dakika ya pili. Kisha kaa. Omba kiti. Ongea na watu. Dakika ya thelathini, andika tena. Ikiwa ilikuwa 90 na sasa ni 80, hiyo ni mashine. Ikiwa ilikuwa 90 na sasa ni 45, umeokoa pesa ya chama. Weka kidole kwenye W, A, S na D: kama huwezi kukiacha hapo, utachezaje saa mbili? Igeuze: matundu ya hewa ni mangapi, yana vumbi? Sikiliza feni: kuvuma ni sawa, kukwaruza ni ugonjwa. Ikiwa ni mpya ndani ya boksi lililofungwa, uliza kama kuna ya maonyesho ya modeli ileile, au pata maandishi kwamba utairudisha ikijizima.

Muuzaji atasema hana muda. Hana nusu saa kwa elfu tisini zangu? Mama alikaa miaka kwenye hicho chama. Atasema unamharibia stima. Mwambie utamlipa hiyo stima, hata hamsini haifiki. Akikataa kabisa, amekujibu. Mtu anayejua ng'ombe wake ana maziwa haogopi ukimkamua sokoni.

Na hii si kuomba msaada. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Wati za kadi ni habari. Fremu za dakika ya thelathini ni habari. "Ni kawaida" si habari.

Laptopu yangu bado ninayo. Fundi mmoja aliifungua, akatoa sufi ya vumbi ungeweza kujazia mto wa mtoto, akaweka pesti mpya. Sasa inashika fremu 60 na inakaa. Mazishi narusha, na siku hizi kila kamera inarekodi kwenye kadi yake pia. Shida ilikuwa inaonekana tangu siku ya kwanza. Ingehitaji tu mtu aiache iwake nusu saa. Sikuiacha, na muuzaji hakutaka niiache.

Yule binti bado hajaona mamake akizikwa.

Kwa hivyo msiende peke yenu. Nendeni wawili, watatu, na saa ya simu. Nusu saa au sinunui. Tukisema mmoja mmoja tutaitwa wasumbufu. Tukisema wote, wataweka viti.